Gofu la babu karibu na Ngome ya Lamu, tukiwapa kaunti litakuwa salama?

MwanaLangoni:
Assalam alaykum jamani naomba ushauri. Babu yetu marehemu aliacha gofu karibu na Ngome, paa lilishaanguka zamani zimebaki kuta za matumbawe na mwarobaini katikati, na sisi hatuna uwezo wa kujenga manake mji wa kale hujijengei tu unavyotaka. Sasa wazee wamekaa wakasema tuwape kaunti bure, pafanywe bustani watoto wa skuli wapumzike wakija makumbusho, maana saa hizi wanakaa juani pale Mkunguni, uwanja wa mbele ya Ngome. Mi naunga mkono kabisa ila roho haijatulia, ushaona ardhi ya umma ikigeuka ya mtu, unaamka asubuhi ukuta na geti. Tufanyeje?

BintiMkomani:
Waalaykum salaam. Kabla ya kaunti, je mirathi imegawanywa? Kama bado hamna cha kutoa, hiyo ni mali ya warithi wote hata shangazi aliye Jeddah na mtoto wa marehemu ami yenu ambaye hajafika miaka 18, na fungu la mtoto hakuna mzee wa kulitoa sadaka. Nendeni kwa Kadhi kwanza. Kwetu tuliruka hii hatua tukagombana miaka, mpaka leo kuna watu hawasalimiani.

Sheria_Pwani:
Dada hapo juu kasema kweli. La pili, msichanganye makumbusho na kaunti. Ngome iko chini ya Makumbusho ya Taifa, walipewa ilipoacha kuwa jela 1984, kwa hiyo mkiwapa kaunti kiwanja mnakuwa na majirani wawili wenye mabosi tofauti, na bustani haitafunguka kama hawajakubaliana nani anafagia, nani analipa mlinzi. Waiteni wote meza moja kabla ya kusaini. Ardhi ya mtu kuwa ya umma inawezekana, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu kuhamisha au kuisalimisha, na Katiba kifungu cha 62 inasema kaunti inaishika kwa amana ya wakaazi, Tume ya Ardhi ndiyo inayoisimamia. Lakini neno la mdomo kwenye baraza halilindi chochote. Matumizi yaandikwe kwenye hati yenyewe: bustani ya umma na ya makumbusho, na yakibadilishwa kiwanja kirudi kwa familia. Wakili awaandikie hilo.

Mzee_wa_Baraza:
Wanangu mbona hamtaji wakfu, mali kutolewa kwa ajili ya Mungu moja kwa moja? Wazee wetu ndivyo walivyofanya, misikiti na visima vingapi Lamu vimebaki kwa sababu wakfu hauuzwi, haurithiwi wala haupewi mtu. Watoto wanakaa kivulini na babu anapata thawabu yake.

Sheria_Pwani:
Ni kweli mzee wangu, na mimi moyo wangu uko huko. Ila wakfu ukishawekwa haiwi tena zawadi kwa kaunti, inabidi muwe na msimamizi wenu na pesa ya kuukarabati, na ukuta wa matumbawe ukipigwa na mvua bila paa unamumunyuka. Familia iamue moja.

MwanaLangoni:
Allah awalipe. Ijumaa baada ya swala tunakaa tena, nitampigia shangazi Jeddah leo leo kabla hajasikia kwa mtu mwengine.