Kibodi ya 286 inaingia kwenye XT lakini haiandiki, inaleta 301

Swali

Wakuu, habari za kazi. Kuna IBM XT (5160), kompyuta ya zamani, inayowaka vizuri, inahesabu kumbukumbu hadi mwisho, kisha kioo kinaandika 301, yaani kosa la kibodi. Kibodi iliyochomekwa imetoka kwenye mashine ya 286. Plagi ni ile nene ya duara yenye pini 5, inaingia bila kulazimishwa, na ikirudishwa kwenye 286 inaandika bila shida. Ipo pia Model M (kibodi nyingine ya IBM) ya plagi ndogo ya duara, PS/2. Je, adapta itatosha, au ni lazima kutafuta kibodi ya XT yenyewe?

Jibu la 1

Tafuta adapta ya kutoka plagi ndogo ya PS/2 kwenda ile nene ya pini 5, uchomeke Model M. Ni za bei rahisi.

Jibu la 2

Hapana mkuu, hiyo itamfaa mwenye 286 au 386. Adapta ya namna hiyo ni waya nne tu, haigeuzi chochote. Plagi ya XT na ya AT (familia ya mashine za 286 kama ilikotoka kibodi yako) zinafanana kabisa, kinachotofautiana ni kile kinachopita kwenye waya.

Kibodi ya XT hutuma tu, kompyuta haiwezi kuiamuru kitu. Ndiyo maana kibodi za XT za IBM zenye vitufe 83 hazina taa za Caps Lock wala Num Lock. AT ya mwaka 1984 ilileta mawasiliano ya pande mbili, na kila kitufe kinatumwa kwa biti 11: moja ya kuanza, 8 za data, moja ya kukagua, moja ya kumaliza. Misimbo nayo ilibadilika. Ukibonyeza A, XT inatuma 1E, ukiachia inatuma 9E. AT inatuma 1C, na ukiachia F0 ikifuatwa na 1C. Ndani ya AT kuna chipu ya 8042 inayotafsiri misimbo hiyo kurudi ile ya XT, kwa hiyo programu za DOS hazioni tofauti. XT haina chipu hiyo.

Kuhusu 301: XT ikiwaka huvuta waya wa saa (unaopanga mwendo wa biti) hadi sifuri kwa muda mfupi, kisha husubiri kibodi ijibu AA, yaani iko salama. Isipojibu, unapata 301 tupu kama hiyo yako. Ukiona namba mbele yake, mfano 1E 301, kibodi imejibu ila kuna kitufe kimeganda, na hiyo namba ndiyo msimbo wake.

Ipindue kibodi uangalie chini yake. Nyingi zisizo za IBM zina swichi ndogo hapo, X (XT) na A (AT), wakati mwingine imefichwa chini ya stika. Zima mashine kwanza ndipo uisogeze, maana kibodi huisoma inapowaka.

Muuliza swali

Asante mkuu. Swichi haipo. Vitufe ni 84, kimojawapo kimeandikwa Sys Req, na taa tatu zipo.

Jibu la 2

Basi hiyo ni ya AT tupu. Model M pia nyingi ni za AT, chache za mwanzo ndizo zinaelewa XT. Hata ukiipata hiyo, BIOS ya XT (programu ya kuwashia mashine) iliyotangulia ile ya Januari 1986 haitambui F11 na F12.

Kinachobaki ni kigeuzi chenye mikrokontrola ndogo, yaani chipu inayowekewa programu (PIC au ATtiny), kati ya kibodi na mashine. Kinapokea misimbo ya AT na kutuma ya XT, na umeme wake kinachukua kwenye soketi hiyohiyo.

Jibu la 3

Ukilehemu mwenyewe, angalia sana namba za pini. Kwenye plagi nene hazipangwi 1 hadi 5 kwa mfululizo, zinakwenda 1-4-2-5-3. Pini 1 ni saa, 2 data, 4 ni ardhi, 5 ni volti 5. Ile ya katikati ni 2, na 4 na 5 ziko ubavuni mwake huku na huku. Mchoro wa soketi ukiusoma kama wa plagi, ardhi na volti 5 zinabadilishana na chipu ya kibodi inaungua. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka: kati ya 4 na 5 upate volti 5.

Upande wa PS/2, saa ni 5, data 1, ardhi 3, volti 5 ni pini 4.

Usichomeke wala kuchomoa mashine ikiwa imewaka. Mazabodi nyingi zina fyuzi ndogo karibu na soketi. Ikikatika, hakuna kibodi itakayofanya kazi hapo, na watu huanza kutupa kibodi nzima zisizo na kosa.

Kwa kuijaribu kibodi hiyo ya zamani kwenye kompyuta ya sasa, adapta ya USB isiyo na chipu haitasaidia: inafanya kazi kwa kibodi zilizotengenezwa kuelewa USB na PS/2 zote mbili tu. Chukua Pro Micro (bodi ndogo ya USB) yenye chipu ya ATmega32U4, weka programu ya kugeuza kibodi iitwayo Soarer, data kwenye pini 3, saa kwenye pini 2. Inazitambua XT na AT yenyewe.