MJADALA: Sheria ya data yatufaa sisi watu wa Lamu ama ina meno ya kung'ata wadogo tu?

Assalaam aleikum wazee wangu na ndugu zangu. Naona watu wamegawanyika juu ya kupeana data, yaani habari zao binafsi, kuna wanaosema tusipeane tena namba ya kitambulisho popote, na kuna wanaosema asiye na la kuficha haogopi kuandikwa. Mimi sikubali yote mawili.

Hawa wa kwanza niwaulize, bila kuandikwa mngedai nini? Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliposema wavuvi wa hapa kama 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ile bandari mpya ya Lamu, hiyo ni pesa ya mtu kwa jina lake, sasa mvuvi ambaye hayuko kwenye daftari la BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) ataitwa na nani? Kuandikwa ni haki yetu.

Lakini orodha hiyo hiyo ikipigwa picha ikatupwa wotsap, majina matatu, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kesho tapeli ampigia mzee amwambia fidia yako iko tayari tuma mia tano tuifungue, na mzee atatuma, kwanini asitume na amesikia mpaka jina la babu yake? Msimlaumu mzee jamani, alaumiwe aliyepewa orodha akashindwa kuitunza.

Na wanaosema sheria ni karatasi tu si kweli. Ile Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 yasema data ichukuliwe kwa sababu inayojulikana, una haki kuuliza wana nini chako na kutaka kirekebishwe, na ikivuja kwa njia ya kukudhuru Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Septemba 2023 shule moja ilipigwa faini ya 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mei 2025 mahakama ikaamuru Worldcoin, wale wa sarafu za kidijitali, wafute data za macho ya Wakenya waliokuwa wakipanga foleni wapigwe picha ya macho wapate vile visarafu vyao.

Linalonikera mimi ni kipimo cha faini. Sheria yasema mwisho ni milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, *ile iliyo ndogo*. Someni tena hapo. Kampuni inayouza bilioni 10, asilimia 1 yake ni milioni 100, lakini haitalipa zaidi ya milioni 5, hiyo kwao si adhabu, wataiweka kwenye bajeti na waendelee kuuza namba zetu.

Nasema hiyo dari ya milioni 5 itolewe ibaki asilimia, mwenye duka dogo mtaa wa Langoni alipe kwa kiasi chake na mkubwa alipe kwa ukubwa wake. Na fomu iwe Kiswahili, mtu asomewe kabla ya kuweka dole.

Anayeona asilimia itafukuza wawekezaji aje aseme hapa, na aseme kwanini.