Tupeane uzoefu: nini ilikuingiza kwa mambo ya fizike na nyota?

Kijana wa Himbi (Goma)
Jambo bandugu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na popote muko. Leo tuache politike kidogo. Kila mutu aseme ni kitu gani ilimushika akili mupaka akaanza kufatilia mambo ya fizike na anga, lakini iwe ya kwako mwenyewe, si ya kukopi. Mimi sina diplome yoyote ya hayo mambo, niko nauzisha inite na kuchajia batu telefone, basi.

Naanza. Mimi ilikuwa mazuku, ile hewa ya kuua yenye kujificha kwa mashimo. Tukiwa batoto kulikuwa shimo moja kule ngambo ya Sake tulikuwa tunakatazwa kupita asubuhi mapema, juu mbuzi zilikuwa zinakutwa zimekufa mule bila kidonda, bila damu, na bakubwa banasema ni mapepo. Kisha prof wetu akatupeleka. Tukasimama juu kabisa kwa ukingo, akafunga mushumaa kwa kamba akaanza kuuteremusha pole pole. Inawaka, inawaka, kufika kimo ya magoti hivi ikazimika paf, na hakuna upepo hata kidogo. Ile yenye ilinimaliza ni moshi, haikupanda, ikalala pale pale ikatandazika sawa shuka hewani. Akatuambia gesi karbonike inatoka chini kwa volkano, ni nzito kuliko hewa mara 1.5 hivi, usiku bila upepo inajikusanya kwa mabonde, mbuzi mwenye kichwa chini anakufa na mutu mwenye kusimama wima anaweza kupita asijue kitu. Toka hapo sikulala. Nikaja kusoma kama Venus, ile nyota ya asubuhi tunaonaka miezi fulani, hewa yake karibu yote ni gesi ile ile, inakandamiza mara 90 kuliko huku kwetu, na joto ni digrii 460 hivi, risasi inayeyuka. Yaani dunia nzima mazuku!

Mama Kadutu (Bukavu)
Mimi naongea fupi juu niko na moto kwa jiko. Kaka yangu anachimba dhahabu Kamituga. Siku moja kijana wangu akanisomea kama tarehe 17/8/2017 bale ba LIGO na Virgo, mitambo ya kusikiliza mitikisiko ya anga, balisikia mutikisiko wa nyota mbili zimegongana, nyota za nyutroni, moja ina uzito kupita jua lakini upana wake ni kama kutoka hapa Kadutu kufika Kavumu, na ile mugongano njo inatengeneza dhahabu. Ilitokea mbali, mwangaza wake ulitembea miaka milioni 130 ndipo ukatufikia. Nikamupigia kaka simu nikamweleza yote, akasikiliza vizuri mupaka mwisho, akaniuliza: sasa dada, hizo nyota zinajua bei ya kontwari yenye kununua dhahabu?

Mtoto wa Kamalondo (L'shi)
😂😂 Mama umeniua.
Shiye huku Katanga tuko na yetu, na batoto ba leo hawaijue. Nkambo wangu alikuwa natumika upande wa Manono, banamuona muzee wa bongo kila anapoeleza kama bazungu balikuwa narusha roketi kule. Kumbe ni kweli kabisa! Kampuni ya Ujerumani, OTRAG, Mobutu aliwapa eneo kubwa sana, ya kwanza ikaruka 1977. Mwezi wa 6 mwaka 1978 Mobutu mwenyewe akakuya kuangalia, ikapanda kidogo, ikalala upande, ikaanguka. Bakubwa ba dunia bakapiga kelele, 1979 ikafungwa. Lakini mi penye nilishikwa ni ufundi yake. Muzee Kayser, mwenye OTRAG, hakutaka mashine moja ya bei, alitaka mabomba membamba mengi ya aina moja, unayafunga pamoja, mafuta ni kerozeni na asidi ya nitriki, na zile valvu zinafunguliwa na mota ya kupangusia vioo vya motokari. Mota ya esiwi-glasi, bandugu! Mi niko mekanisiani, nilienda garajini kesho yake nikaifungua moja tu juu ya kuiheshimu.
Na Shinkolobwe, ile mine ya uraniamu, sijagusa, ile ni thread yake peke yake.

Ndendere Boy
Mi ni kupatwa kwa jua 21/6/2020, siku ya yenga, kanisa zimefungwa juu ya korona, kila mutu kwa mulango yake. Batu bananyanganyana CD na film za radio za hospitali, MUSIFANYE hivyo, zinapitisha miale usiyoiona inaunguza jicho na huskii maumivu. Kioo ya soudeur ni namba 14, na ile ya mafundi mingi hapa ni 10 ao 11, haitoshi. Mi niliangalia chini tu. Chini ya muavoka wetu, kila katobo katikati ya majani kalikuwa kanachora jua kwa udongo, na majua yote yameliwa upande mumoja. Mama alikuwa anafagia pale, akaacha kufagia.

Makofi
Sawa, munakula nyota? Bei ya makala mumeiona?

Kijana wa Himbi (Goma)
Makofi, tuliona, ndio maana tunaangalia juu 😂 Haya, mwengine.

Ndosho Étudiante
Ntaandika yangu kesho, ni ya usiku wa 22/5/2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, ni ndefu. Ila kwanza swali: kuna jumele (darubini ya macho mawili) 10x50 inauzwa Birere. Itaonyesha pete za Saturne?

Mtoto wa Kamalondo (L'shi)
Pete hapana, utaona kama kayai tu. Lakini Jupiter utaona miezi yake 4 mikubwa, ile ile Galileo aliona 1610. Egemeza viwiko kwa ukuta, mukono ikitetemeka hauone kitu. Na mbele ya kulipa angalia taa ya mbali nayo: ukiona taa mbili, rudishia mwenyewe.