Hita ya umeme ndani ya gari la kulala: je, ni salama usiku?

Swali: Ndugu zangu, gari letu lina vitanda na jiko ndani, na usiku wa baridi tunatumia hita ndogo ya wati 2,000. Je, tunaweza kuiacha ikiwaka tukiwa tumelala?

Jibu: Hapana, ndugu, izimeni kabla ya kulala. Kwenye umeme wa volti 230 hita hiyo huvuta karibu ampea 9, na waya wa kuongezea ukiachwa umeviringwa hushika joto hadi plastiki yake ikalainika. Kwa hiyo ukunjue wote, na ukigusa plagi ukaikuta ya moto, chomoa mara moja.

Jibu: Naongezea kwamba mapazia na matandiko yakae umbali wa mita 1, na hita iwe ya kujizima ikianguka. Kengele ya moshi ni lazima.