Wakili kumlipia mteja gharama za kesi ya ajali: mpaka uko wapi?

WakiliMchanga
Habari zenu mawakili. Mteja amegongwa na matatu huku Likoni, Mombasa, mguu umevunjika, hana kazi wala akiba. Anaomba ofisi imlipie ada ya kufungua kesi na ripoti ya daktari, kisha imkopeshe kodi ya nyumba hadi fidia itoke. Lipi linaruhusiwa?

MzeeWaKorti
Wakili, tenganisha mambo hayo mapema. Ada ya korti, ripoti ya daktari, kumtafuta mwenye gari kwa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), mpeleka hati: hizo ni gharama za kesi. Ofisi inaweza kuzitanguliza, na Kanuni za Hesabu za Mawakili zinakuruhusu kujirudishia ulichotumia kwa niaba ya mteja. Hatari imo katika maneno ya mkataba. Ukiandika "tukishinda ndipo unilipe", au ukijitengea fungu la fidia, umegonga kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, kinachobatilisha mikataba ya namna hiyo. Andika kwamba deni lipo hata kesi ikianguka.

Kodi usimkopeshe kabisa. Bima ikileta pendekezo dogo la kumaliza kesi, nawe unamdai mteja kodi ya miezi, ushauri wako utavutwa na deni lako. Mteja anastahili wakili asiye na haraka ya kulipwa.

MhasibuTudor
Pesa za kutanguliza zitoke akaunti ya ofisi. Kama mteja huyu hajaweka kitu katika akaunti ya wateja, ile ofisi inamotunzia pesa za wateja wote, shilingi utakayoitoa humo kwa ajili yake ni ya mteja mwingine, na hilo ni kosa hata ukirudisha kesho. Mfungulie leja, kila malipo na tarehe na risiti yake. "Gharama za ofisi 30,000" bila mchanganuo haina utetezi mbele ya Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Hundi ya bima ikija, iingie akaunti ya wateja nzima. Mpe mteja hesabu ya maandishi, ndipo utoe chako.

BintiKisauni
Marekani, kanuni ya mfano 1.8(e) ya ABA, chama cha mawakili cha huko, inaruhusu marejesho ya gharama za kesi yategemee matokeo. Mwaka 2020 iliongezwa ruhusa ya zawadi ndogo za chakula, kodi, nauli au dawa, ila kwa mteja fukara anayetetewa bure, bila kumwahidi kabla hajakuajiri na bila kudai zirudishwe. Usiibebe kanuni hiyo kuja nayo hapa.

Kwetu, kama ada ndiyo kikwazo, soma Amri ya 33 ya Kanuni za Mashauri ya Madai za 2010: mteja anaomba kushtaki kama fukara, na korti ikiridhika na hali yake, hatoi ada ya kufungua.