Kusachi mafaili ya ofisi kwenye SharePoint, bosi anayapata mimi siyapati, kulikoni?

Mrina_Asali_TBR
Wakuu habari za jioni. Niko Tabora kwenye mradi wa ufugaji nyuki, ofisi yetu ndogo tu watu tisa, tunazunguka Sikonge, Urambo na Uyui. Tuliletewa SharePoint, yani ile ya Microsoft ya kuweka mafaili ya ofisi mtandaoni, kila kitu kikahamishiwa huko, ripoti za mafunzo, bajeti, fomu za vikundi, picha, slaidi, tukaambiwa saivi hamna tena mambo ya kutumiana flashi wala kuulizana nani anayo ile ripoti, unaandika tu neno kwenye kile kisanduku cha juu linakuja lenyewe. Sawa. Sasa juzi bosi yuko kwenye treni anaelekea Dar ananipigia, anataka ripoti ya kugawa mizinga Sikonge, wafadhili wanaisubiri. Nikaandika mzinga Sikonge, yakaja mafaili matatu, mojawapo fomu ya posho ya dereva sijui imeingiaje humo. Nikaenda kwenye zile folda za ndani ya laptopu nikasachi huko nako, patupu. Nimehangaika saa nzima na nusu bando linakata, bosi kafika Manyoni ndo ananipigia kuwa kashaipata mwenyewe kwa simu. Kwa simu jamani, na netiweki ya njiani mnaijua!

Sasa naomba kuuliza, ni mimi sijui kusachi au hii kitu ina matatizo? Maana nimeaibika.

Kijana_wa_Isevya
Pole sana mkuu. Sisi tulishaachana na hayo mambo, tuna kundi la WhatsApp la ofisi, ukitaka ripoti ya mwezi wa tatu unapandisha tu kwa kidole mpaka ukutane nayo 😂😂

Mama_Mwanga_Kigoma
@Kijana_wa_Isevya we cheka tu, siku simu ya mwenye lile faili ikidumbukia ziwani ndo utajua.

Mrina, hapo kuna vitu viwili vitatu vimechanganyika. Cha kwanza hiki cha bosi kupata na wewe kukosa. Sachi ya SharePoint inamwonyesha mtu yale tu aliyoruhusiwa kuyaona. Na ubaya wake haikwambii kwamba lipo ila limefungwa, inakaa kimya kama vile halijawahi kuwepo duniani, kwaiyo watu wawili mnaweza kuandika neno lile lile dakika ile ile mkapata majibu tofauti. Mwambie bosi afungue ile folda aangalie imeshirikishwa kwa nani, mara nyingi unakuta mtu alipandisha kwenye OneDrive, yani hifadhi yake binafsi ya mtandaoni, akidhani kaweka kwa wote. Pia angalia umesimama wapi unaposachi, ukiwa ndani ya folda inaanza na folda hiyo hiyo, kwaiyo rudi ukurasa wa mwanzo wa ofisi yenu ndo uandike.

Cha pili hizo folda za laptopu. Angalia alama pembeni ya jina la faili. Ukiona kiwingu, ujue faili lenyewe liko mtandaoni, hapo kwako kuna jina tu. Windows italitafuta kwa jina, ila maneno ya ndani haiwezi kuyasoma maana hayapo. Yale yenye alama ya kijani ndo yameshuka kweli. Na kama faili limepandishwa leo hii hii lipe muda, halionekani kwenye sachi papo hapo.

Halafu kuna ugonjwa ambao sisi hapa Kigoma umetutesa. Ripoti ikishasainiwa na kugongwa muhuri inaskaniwa, inapandishwa PDF, ile ya Word inabaki kwenye laptopu ya aliyeiandika. Mtu akipata kazi Mwanza, imeondoka naye. Na PDF ya kuskani kwa kawaida ni picha tu, we unaona maandishi, kompyuta inaona weupe na weusi. Google Drive inajitahidi kusoma maneno kwenye picha na PDF za namna hiyo, lakini mkono wa mtu na muhuri uliokaa juu ya mstari, bahati nasibu. Tulikuja kukubaliana Word na PDF zikae pamoja, jina moja, basi.

Masijala_Zamani
Vijana hamjambo. Mimi nimekaa masijala maisha yangu yote ya kazi, makabati ya chuma na kumbukumbu namba, saivi nimeitwa kwa mkataba kupanga mafaili ya chama cha ushirika, haya haya ya kompyuta. Binti wa Kigoma kaeleza vizuri ila kuna jambo karuka, nalo ndilo kubwa.

Kijana umeandika mzinga. Ripoti ya kugawa mizinga 200, hilo neno mzinga litakuwa limeandikwa wapi humo ndani? Hakuna. Kila mahali ni mizinga, mizinga, mizinga. Lugha yetu neno linabadilika mbele, siyo nyuma. Mfugaji wafugaji, kikundi vikundi, kijiji vijiji. Na hiyo mashine inasoma neno kuanzia herufi ya kwanza. Kuna nyota ya kuwekea mwishoni, ukiandika mizing* itakuletea mizinga na mizingani. Lakini nyota mwanzoni haikubali, ukiandika *fugaji ukitegemea ikupe mfugaji na wafugaji utakaa hapo mpaka magharibi. Mzungu kwake inamfaa maana maneno yake mengi yanaongezeka mkiani.

Kinachowachanganya vijana ni kwamba ndani ya Word penyewe, ukibonyeza Ctrl na F ukaandika fugaji, inayapata yote mawili, kwa sababu pale inatafuta hata katikati ya neno. Mtu akizoea hivyo anadhani na maktaba nzima, yani mafaili yote ya ofisi kule SharePoint, iko hivyo. Haiko hivyo.

Andika hivi: Sikonge (mzinga OR mizinga). Hiyo OR iwe herufi kubwa, ukiweka ndogo inaihesabu kama neno la kawaida. Ukitaka PDF peke yake unaongeza filetype:pdf. Au utumie maneno yasiyobadilika. Asali ni asali, nta ni nta, nyuki ni nyuki akiwa mmoja au elfu. Majina ya wilaya nayo hayana wingi, yanasaidia sana, sharti tu aliyeandika awe hajakosea. Chama chetu kuna karani L na R kwake ni ndugu, nimekuta ripoti tatu za "asari", na mimi ni Mnyamwezi kwaiyo nina haki ya kusema.

Na mjue pia mwingine anaandika ripoti, mwingine taarifa. Hapo hakuna nyota itakayokusaidia, jaribu yote mawili.

Kijana_wa_Isevya
Shikamoo mzee. Asari 😂😂😂 nimekufa

Mrina_Asali_TBR
Shikamoo mzee Masijala, na dada asante sana. Nimefanya kama ulivyosema mzee na mabano yake, yamekuja mafaili 41, yani vitu ambavyo sikujua hata kama tunavyo. Ila ile ripoti yenyewe HAIMO.

Nikampigia bosi nikamuuliza kwa heshima kabisa, hivi wewe uliandika neno gani ukaipata? Akacheka. Kumbe hakusachi. Aliipandisha mwenyewe kwa simu kwenye OneDrive yake, baadaye akakumbuka ilipo, akaifungua tu. Na inaitwa Scan_0047. Kwaiyo kwanza sina ruhusa, pili ni picha, tatu jina halisemi kitu. Mi nilikuwa najilaumu bure wakuu.

Mama_Mwanga_Kigoma
Hahaha pole. Basi ihamishieni kwenye maktaba ya ofisi. Na mkiwa huko ongezeni safu, yani kama Excel, Wilaya, Mwaka, Aina ya faili, mtu anachagua kwenye orodha badala ya kuandika. Ukishakuwa na hizo huhitaji kusachi sana, unachuja tu Sikonge, 2024, ripoti, imetoka, iwe picha iwe nini, mzinga au mizinga haikuhusu tena. Kuna sehemu ya kuyajaza mengi kwa pamoja kwenye gridi, huhitaji kufungua moja moja. Fanyeni mapema lakini, maktaba ikivuka vitu 5,000 kuchuja na kupanga kunaanza kuleta ukaidi.

Masijala_Zamani
Kwanza ujue ukubwa wa kazi. Andika filename:scan* uone yako mangapi.

Mrina_Asali_TBR
312 🙆🏾‍♂️

Mama_Mwanga_Kigoma
Hamna mwanafunzi wa fildi hapo kwenu?

Mrina_Asali_TBR
Yupo mmoja anaripoti jumatatu. Nimemwambia aje na chaja yake.