Je, dini ilikuwa pambo tu katika demokrasia ya Athens ya kale?

Mdadisi:
Ndugu zangu, demokrasia ya Athens husifiwa kwa hoja na kura, ilhali habari za mikutano yake zimejaa dhabihu na maapizo. Je, makuhani ndio waliokuwa na kauli ya mwisho?

Mwalimu Mstaafu:
Makuhani hawakutawala, lakini dini haikuwa pambo. Kabla ya raia kuanza kujadiliana kwenye kilima cha Pnyx, uwanja ulitakaswa kwa damu ya watoto wa nguruwe, kisha mpiga mbiu akaomba dua na kumwapiza yeyote atakayesimama kuwahadaa wananchi. Uongo wa mwanasiasa, basi, ulihesabiwa kuwa kosa mbele ya miungu (sijui wabunge wa leo wangelipokeaje hilo). Hata makabila 10 yaliyoundwa na mwanasiasa Cleisthenes katika mageuzi ya mwaka 508 K.K. yalipewa majina ya mashujaa ambao Delphi, hekalu la mungu Apollo lililotoa unabii, iliwateua kati ya 100 waliopendekezwa.

Kandili:
Nakubali, ila tutazame pia nani alikuwa na mamlaka juu ya nani. Mwaka 480 K.K., Waajemi wakikaribia, Delphi ilitabiri kwamba ukuta wa mbao pekee ndio utakaosalimika. Wafasiri wa unabii, ambao hiyo ndiyo kazi yao, walishauri watu wasipigane baharini. Themistocles, kiongozi wa Athens, akasema ukuta huo ni merikebu, na raia wakamfuata yeye. Unabii ulitoka kwa Apollo, lakini maana yake iliamuliwa mkutanoni. Vilevile kuhani wa kike wa Athena Nike, mungu wa kike wa ushindi, alipatikana kwa bahati nasibu miongoni mwa wanawake wote wa Athens, akalipwa drakma 50 (sarafu za fedha) kwa mwaka kwa uamuzi wa wananchi, ingawa wanawake wenyewe hawakuruhusiwa kupiga kura.

Mdadisi:
Na mwanafalsafa Socrates, aliyehukumiwa kifo mwaka 399 K.K. kwa kutoiheshimu miungu ya mji?

Mwalimu Mstaafu:
Mshtaki wake, Meletus, alikuwa raia wa kawaida, na waliomhukumu walikuwa raia wapatao 500, si baraza la makuhani. Kwa watu wale, kuikosea miungu na kuukosea mji lilikuwa jambo moja. Mwaka 415 K.K., sanamu za mungu Hermes zilizosimama njiani na milangoni zilipoharibiwa usiku mmoja, wengi hawakuona kufuru tu, bali walishuku njama ya kuipindua demokrasia.